Chumba cha uani na hesabu yake

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, nyundo husikika hapa Mombasa, Kisauni, Likoni, Changamwe hadi Mikindani. Kijana anaoa, mama amezeeka na magoti hayataki ngazi, au familia inataka mpangaji wa kusaidia karo. Chumba kinaongezwa uani. Na wengi siku hizi hawatafuti kontrakta. Ami anajua kuchanganya zege, shemeji alishika mwiko miaka miwili huko Saudi Arabia, vijana wa nyumbani wana nguvu, na simu imejaa video za kupiga plasta. Pesa apewe mtu baki kwa nini?

Swali ni la haki, na majibu ya haraka ya pande zote mbili huniudhi. Mhandisi anasema msiguse, mtaua watu. Mwenye nyumba anasema wazee wetu walijenga bila mhandisi na nyumba zingali zimesimama.

Huyu wa pili ana hoja kubwa kuliko anavyojua, ila haimsaidii. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, ilisimamishwa kwa boriti na fito kisha ikakandikwa udongo. Siku ya kukandika majirani walialikwa na sufuria ya wali ikatelekwa. Kila aliyekuwepo aliona boriti ipi imesimama wapi na imefungwa na nini. Udongo ukibanduka mwenyewe anakandika tena, basi. Hata nyumba za mawe za Mji wa Kale zilifuata kanuni kama hiyo: upana wa chumba ulitokana na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haivuki mita tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Yaani kifaa chenyewe kilimkataza fundi kukosea sana. Zege halimkatazi mtu. Unaweza kumwaga slabu ya mita tano yenye nondo za kuhesabika, ikakauka, ikapigwa rangi, watu wakalala chini yake miaka minane bila habari. Wazee walijenga wenyewe, ni kweli, lakini walijenga kwa vitu vilivyoonekana.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo inayowasukuma wengi. Kwa hesabu ya kawaida ya mjengo, mikono huchukua kama thuluthi ya gharama. Zinazobaki zinakwenda kwa mawe, simiti, mchanga, kokoto, nondo, mabati na lori la kuvileta. Kwa hiyo hata mkifanya kila kitu wenyewe, bila kumlipa kibarua mmoja, thuluthi mbili ziko palepale. Na mkono usiozoea hula vifaa: mawe yanavunjika, zege linachanganywa jingi na kugandia kwenye karai, ukuta unapinda na plasta inakuwa nene ili kuuficha.

Faida ya kujisimamia, naiona mahali pengine. Unanunua mwenyewe, unahesabu mifuko mwenyewe, hakuna wa katikati anayeongeza lake juu ya kila bei, na unajenga kwa kadiri ya mshahara: mwezi huu msingi, mwezi ujao mawe. Kwa watu ambao benki haiwajui, hii ndiyo njia pekee ya kupata chumba, na anayeibeza hajakaa na familia ya watu tisa katika vyumba vitatu. Ila mtu asije akaweka simiti akiba. Hewa ya Mombasa hupenya mfuko wa karatasi, na baada ya miezi mitatu ghalani nguvu yake imekwisha kupungua vya kutosha kukuaibisha. Nimemwona mtu akivunja mabonge kwa nyundo na kuyachekecha, eti bado ni simiti.

Mimi kazi naigawa kwa swali moja: hiki nitakiona kesho, au kitafunikwa? Rangi, vigae, plasta, milango, rafu za jikoni, sakafu ya uani, hivyo jifanyie. Kigae kikikaa upande utakibandua Jumamosi ijayo. Msingi, nondo ndani ya zege, bomba ndani ya ukuta, mfereji wa kwenda kwenye shimo la choo, hivyo mlipe anayejua, tena umlipe na mwingine aje akague kabla hakijafunikwa. Kazi ya umeme sheria imekwisha kuikata: ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na hapo sina la kubishana.

Mgawanyo huu una kasoro zake, nazo nilizijua kwa mamangu, Kisauni, tulipoongeza chumba. Msingi tulimpa fundi. Plasta tukasema yetu, tuko watu watano, siku mbili itakuwa imekwisha. Kuta ni za mawe ya matumbawe, haya yanayokatwa Kilifi na Kwale, meupe, yamejaa vitundu. Tukachanganya, tukapiga, tukalainisha kwa ubao, tukajipiga picha. Siku ya tatu nikagonga kwa kifundo cha kidole: kwaa, kwaa, sauti ya kitu kitupu. Kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka chenyewe mbele yangu. Mzee wa nyumba ya pili, fundi aliyestaafu, alikuwa ameketi barazani kwake siku zote hizo akitutazama. Akaja, akapitisha kiganja ukutani, akasema, “Wanangu, mlimwagia maji ukuta kabla?” Hatukumwaga. Jiwe la matumbawe hunywa maji kama mtu aliyefunga akifika futari. Plasta ikibandikwa juu ya jiwe kavu, jiwe linaifyonza maji yote kabla simiti haijashika. Tulibandua ukuta mzima. Nilimuuliza mbona hakutuambia mapema. Akasema hakuulizwa.

Lakini tazama: hasara ilikuwa mifuko michache na Jumapili mbili. Kosa lilijionyesha lenyewe. Ndiyo maana bado nasema plasta ni kazi ya mwenye nyumba, japo video niliyoifuata ilipigwa nchi ya matofali ya kuchoma na haikuwa na habari na jiwe letu. (Kwenye nyumba za kale za mawe na chokaa mambo ni mengine: ukizipiga plasta ya simiti unaufungia unyevu ndani, chumvi inatafuta pa kutokea, na ukuta unaanza kuoza nyuma ya sura nzuri. Huko rudi kwenye chokaa. Na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huanzi hata kubadilisha dirisha kabla ya kuuliza.)

Nondo ndizo hazisamehi. Hapa kwetu bahari iko kila mahali, mpaka ndani ya maji ya kuchanganyia zege. Maji ya mfereji hutoka mbali, Baricho, Mzima, Marere, Tiwi, na siku nyingi hayafiki. Mjengo hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani na kando ya pwani vina chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege lenye nondo, chuma kinashika kutu, na kutu ni nene kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo kinavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tembea mjini uangalie chini ya roshani, utaziona nondo zimetoka nje kama mbavu. Mara nyingi kosa lilikuwa dogo: chuma kililazwa juu ya mbao bila kuinuliwa kwa vipande vya zege, zege likakipita juu tu, chini hakuna cha kukikinga. Kuviweka vipande vile ni kazi ya dakika kumi. Mkaguzi akija asubuhi ya kumwaga anaviona au havioni. Akija jioni amechelewa. Kama pesa yako inatosha kumlipa mtaalamu siku moja tu katika mjengo mzima, mlipe asubuhi hiyo. Na maji ya zege la nondo nunua ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, baada ya kuyaonja.

Kisha kuna ufa. Ile methali ya ufa na ukuta tumeitumia vibaya. Watu wanaziba ufa kwa bidii wala hawaulizi umetoka wapi. Nywele nyembamba zinazotambaa juu ya plasta hazina neno. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha ni habari nyingine, na karibu kila nyumba iliyoongezwa chumba inao mahali chumba kipya kilipokutana na kuta za zamani. Nyumba ya zamani imekwisha kukaa juu ya udongo wake miaka thelathini. Chumba kipya ndiyo kwanza kinakaa, kitashuka kidogo. Ukiziunganisha kuta mbili hizo jiwe kwa jiwe, mmoja utauvuta mwenziwe. Fundi mwema huacha pengo jembamba na kulifunika kwa ubao. Fundi anayetaka sifa huziunganisha, kwa sababu siku ya kukabidhi hupendeza.

Ruhusa ya kaunti je? Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kujenga kunahitaji idhini, na kuongeza chumba ni kujenga. Najua kwa nini watu huikwepa: mchoro una bei, ada ina bei, na njoo-kesho nazo zina bei. Wengi humwaga zege Jumamosi na Jumapili wakiomba Mungu ukuta usije ukachorwa alama nyekundu ya X. Siwalaumu sana. Hata hivyo, kinachonifanya nielekee upande wa ruhusa ni ule mchoro wenyewe, muhuri sishughuliki nao. Familia yenye mchoro inajua mihimili iko wapi. Miaka kumi baadaye kijana akitaka kutoboa mlango, ana cha kutazama.

Wataalamu wakizungumza juu ya hatari hutaja nyumba kuanguka. Mombasa kuna hatari mbili ambazo mhandisi hazioni. Ya kwanza ni ardhi. Familia nyingi hapa zina nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, unamlipa kodi ya ardhi kwa mwezi au kwa mwaka. Zamani mwenye kiwanja alikubali udongo na makuti, kwa kuwa vinaondoka. Ukiweka msingi wa zege bila idhini yake ya maandishi umetia akiba yako yote kwenye udongo wa mtu.

Ya pili ni mirathi. Baba amefariki, nyumba haijagawanywa, na mmoja wa ndugu, aghalabu yule mwenye kazi bandarini au ughaibuni, anaongeza vyumba viwili kwa pesa yake na jasho lake. Hakuna aliyemkataza, hakuna aliyeandika. Siku ya kwenda kwa kadhi dada anadai fungu lake katika nyumba yote, na kaka anasema vile viwili si vya baba. Wote wawili wana haki kidogo, na risiti za simiti zilikwisha tupwa. Kontrakta angeacha mkataba wenye jina la aliyelipa. Kazi ya kujifanyia inaacha kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za ndugu hubadilika kila anapokufa mtu. Mamangu alitukalisha mkekani kabla hatujachimba, akaandikisha nani ametoa nini, shahidi akiwa yule mzee wa barazani. Tulimwona ana wasiwasi wa bure.

Chumba kipo. Pale kilipokutana na nyumba ya zamani kuna ufa mwembamba, nimebandika juu yake kipande cha kioo kwa simiti na kuandika tarehe kwa penseli pembeni. Kikikatika, kuta bado zinatembea. Masika mawili yamepita, kioo kizima. Kaka sasa anataka kupandisha ghorofa, anasema atamwaga slabu yeye na marafiki zake, wana nguvu na wana wikendi. Nimemwambia ghorofa sikatai. Achimbe kwanza shimo kando ya ukuta wa zamani, tushuke sote tukauone msingi aliouweka baba. Hajachimba bado.