Damu ya Kyela iliyobaki kwenye jokofu

Fomu ya ridhaa ya utafiti wa afya mara nyingi huwa na swali linalopitwa haraka: damu itakayobaki ihifadhiwe kwa ajili ya tafiti zijazo? Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, shahidi anasaini, anaitwa mwingine. Kwangu swali hilo lina uzito kuliko kurasa zote zinazolitangulia.

Kuanzia mwaka 2006, watu wapatao 18,000 katika maeneo 9 ya Mbeya walikuwa wakipimwa mwaka hadi mwaka katika utafiti ulioitwa EMINI. Sehemu ya damu yao ilihifadhiwa. Baadaye sampuli za Kyela, mojawapo ya maeneo hayo, zikapimwa tena, safari hii kutafuta minyoo ya matende, na mwaka 2016 jarida la The Lancet likatoa matokeo: aliyekuwa na minyoo hiyo alikuwa na uwezekano wa kuambukizwa VVU takriban mara mbili ya asiyekuwa nayo. Kama ingebidi kumfuata kila mtoaji damu kumwomba ruhusa upya, huyu kahamia Tunduma, yule keshazikwa, huenda tusingelijua hilo mpaka leo. Hoja ya watafiti hapa ni nzito, na naikubali.

Lakini mkulima wa mpunga ataulizaje maswali kuhusu utafiti ambao haujabuniwa? Anachoridhia hasa ni kumwamini mtu. Na imani hiyo ina historia. Hofu ya mumiani ipo Afrika Mashariki tangu ukoloni, na wasomi wengi huiita ujinga. Sikubaliani nao hata kidogo. Mgeni anakuja na gari, anachukua damu, anaondoka, harudi kusema ameifanyia nini. Mwanakijiji afikirie nini? Kamati ya maadili humlinda mtoaji asidhurike, jambo jema, ila haimpelekei majibu.

Kwa hiyo damu ihifadhiwe, lakini mtoaji aweze kuiondoa kwa kutamka tu pale zahanati, bila barua. Na kila inapotumika upya, matokeo yapelekwe kwenye mkutano wa kijiji, Kyela yaelezwe kwa Kinyakyusa, na gharama yake iwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Mama aliyenyoosha mkono mwaka 2007 ana mabinti, na mbu wa matende bado wanawahusu.