Buck Weaver alistahili adhabu, lakini si ile aliyopewa

Katika uwanja wa besiboli, kituo cha tatu kipo mita 27 hivi kutoka anaposimama mpigaji, na mlinzi wake hana muda wa kufikiri. Mpira mgumu uliochapwa kwa gongo humfikia kufumba na kufumbua. Mara nyingine mpigaji huugusa tu kwa hila ili udondoke karibu, naye mlinzi hana budi kuukimbilia, kuuokota kwa mkono mtupu na kuurusha hadi kituo cha kwanza kabla hajasimama sawasawa. Buck Weaver wa Chicago White Sox aliifanya kazi hiyo kwa ustadi uliowashinda wengi wa zama zake, na husimuliwa kwamba hata Ty Cobb, aliyekuwa bingwa wa hila hizo, aliacha kuzijaribu upande wake.

Ustadi huo aliutolea jasho. Alipoingia ligi kuu mwaka 1912, kijana kutoka Pottstown, Pennsylvania, alipangwa kati ya kituo cha pili na cha tatu, akafanya makosa 71 kwa msimu mmoja. Alijifua, akajifunza kupiga mpira kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na mwaka 1917 alikuwa miongoni mwa waliotwaa ubingwa.

Kisha ukaja mwaka 1919. Wachezaji kadhaa wa White Sox walikubali kuhongwa na wacheza kamari ili wapoteze fainali dhidi ya Cincinnati Reds. Ukiwatazama walinzi wanne wa vituo vya ndani, unaiona timu nzima ilivyogawanyika: Chick Gandil wa kituo cha kwanza alikuwa kinara wa njama, Swede Risberg alikuwa mshirika wake, Eddie Collins wa kituo cha pili hakuhusika kabisa, na Weaver alihudhuria mazungumzo, akaijua siri, asipokee hata senti. Uwanjani alicheza kwa moyo wote: mara 34 za kuhesabiwa alizopiga zilimpatia mapigo salama 11, yaani yaliyomfikisha kituoni bila kutolewa, na katika michezo yote minane hakuandikiwa kosa hata moja.

Agosti 1921 baraza la mahakama liliwaachia huru washtakiwa wote. Kesho yake Kenesaw Mountain Landis, kamishna aliyesimamia besiboli ya ligi kuu, aliwafungia maisha wachezaji wanane, Weaver akiwamo, kwa hoja kwamba anayekaa kikao na wala rushwa bila kuiarifu klabu yake hana nafasi katika mchezo huo.

Mimi sisemi kwamba Weaver hakukosa. Kunyamaza kwake kuliwaumiza watazamaji waliolipa kiingilio, na kulimuumiza zaidi Collins, aliyekuwa akipigania mechi ambazo wenzake walikwisha kuziuza. Lakini kumtaja mwenzako unayekula naye, unayesafiri naye na kulala naye hoteli moja ni mzigo mzito, na sheria inayompima aliyeshindwa kuubeba kwa kipimo kile kile cha aliyepokea fedha ni sheria iliyokataa kutazama. Kufungiwa msimu mmoja, au hata miwili, kungetosha kabisa kumwonya yeye na wengine. Badala yake alipoteza kazi akiwa na miaka 30 tu, baada ya msimu wake bora kuliko yote, ule wa 1920, alioumaliza kwa wastani wa upigaji wa .331, yaani karibu pigo salama moja katika kila mara tatu.

Aliomba kurejeshwa tena na tena, akakataliwa kila mara. Januari 1956 alianguka na kufariki katika mtaa mmoja wa Chicago, akiwa na umri wa miaka 65. Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliondoa marufuku kwa wachezaji waliokwisha kufariki, na jina la Weaver likatoka kwenye orodha siku ile ile, kwa tangazo lile lile, pamoja na la Gandil na la Risberg. Kile alichokiomba miaka yote, yaani kesi yake itazamwe peke yake, hakukipata hata hapo.