Zahanati ya kazini: kutibu wagonjwa au kukamata watoro?

Wanaotetea zahanati za kazini huanza na foleni, na hapo wako sahihi. Mfanyakazi mwenye presha akienda hospitalini kufuata dawa za mwezi anaweza kumaliza nusu siku huko. Zahanati ikiwa hatua chache kutoka kwenye mashine yake, anapimwa, anachukua dawa na kurudi ndani ya muda wa chai.

Ila mabosi wengi hawaishii hapo. Huongeza mashindano ya kupunguza uzito, semina za lishe na zawadi kwa wanaopima, kisha wanasubiri ruhusa za ugonjwa zipungue. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilijaribu mpango wa namna hiyo kuanzia 2016, wafanyakazi wake karibu 5,000 wakagawanywa kwa bahati nasibu. Siku za ugonjwa hazikuonyesha tofauti ya maana. Kilichoonekana ni kwamba waliojitokeza kushiriki walikuwa na afya nafuu tangu mwanzo, ndiyo maana takwimu za kuwalinganisha na waliokacha huwa tamu mno.

Kwangu hilo haliondoi haja ya zahanati. Tatizo ni pale inapoelekeza macho. Chukua mpakiaji anayeumwa mgongo. Anapewa diklofenaki na siku mbili za kupumzika, anarudi, anainama tena kuokota maboksi sakafuni, na baada ya wiki chache yuko tena mbele ya muuguzi yuleyule. Muuguzi akitoka ofisini akamtazama akiwa kazini, ataona kuwa maboksi yangeweza kukaa juu ya meza, usawa wa kiuno. Tena maumivu ya kawaida ya mgongo hayaponi kwa kulala kitandani; kutembeatembea na kurejea kwenye kazi nyepesi kwa muda husaidia zaidi. Lakini meza hiyo ataileta msimamizi, si muuguzi.

Mwajiri naye ana lake. Vyeti vya kughushi vipo, na mshahara wa asiyekuwepo unatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo hushawishika kumtaka daktari wa kampuni amwambie nani anaumwa kweli. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1985, umeligusa hili katika kifungu cha 15: huduma ya afya kazini ijulishwe magonjwa na siku za kukosekana ili ichunguze kama chanzo ni kazi yenyewe, lakini wahudumu wake wasitakiwe na mwajiri kuhakiki sababu za mtu kutofika. Naafiki kabisa. Watu wakishamwona daktari kama jasusi wa ofisi, hawamwambii kitu. Mwenye mafua atakuja hivyohivyo, atawaambukiza wenzake, na daftari la mahudhurio litapendeza kwa siku mbili tatu.

Vyeti vya kughushi vishughulikiwe na ofisi ya utumishi. Zahanati itoe ripoti kwa idara, bila majina: ghalani wangapi wanaumwa mgongo, karakana wangapi wanakohoa, na ni msimamizi gani anayepaswa kurekebisha nini kabla ya ripoti ijayo.