Nami natoka (14)

Tantini, yaani shangazi yangu, anauza vikwembe (nyinyi mnaviita vitenge) katika soko la Kenya. Msomaji wa Mombasa asishtuke: Kenya ni komini, yaani manispaa, ya hapa hapa Lubumbashi, Kongo, tunakwenda na kurudi kwa miguu bila pasipoti. Kibanda chake ni cha kusimama katikati, ukinyoosha mikono unagusa wax kulia na fansi kushoto. Mpangilio wake anaujua yeye peke yake. Siku nilipomwuliza, alinionyesha kwa kidole.

“Hii ya kanisa. Hii ya matanga. Hii ya wale wanalipa. Ile ya juu kabisa, ya wale wanasema ‘nitaleta mwisho wa mwezi’.”

Ile ya juu kabisa haifikiwi bila ngazi. Ngazi hana.

Mambo yalianza mteja wa Likasi alipomwomba picha kwenye WhatsApp. Tantini alituma picha sabini kwa siku moja, mega zikaisha, na mteja akajibu “nitafikiri”. Jioni akaniita. “Weye ulisoma informatique, mambo ya kompyuta. Nitengenezee magazini ya kwenye telefone, watu waangalie wenyewe.” Nilisoma informatique kweli, nikaishia mwaka wa pili, lakini katika familia hilo halihesabiki. Mtu aliyewahi kurudisha sauti kwenye redio ya shangazi ni injinia mpaka kufa.

Nilichukua WooCommerce, programu ya bure ya duka la mtandaoni, inayoketi juu ya WordPress, ile ya kutengenezea tovuti. Niseme mapema kwamba programu haina kosa katika habari hii. Kosa ni langu, na kidogo ni la mkato mmoja.

Duka la namna hiyo linataka makundi yenye ukoo: mzazi, mtoto, mjukuu. Nikachora kwenye daftari. Vikwembe ndiye babu. Chini yake wax na fansi, kwa sababu Tantini alinifundisha kwamba wax ya kweli ukiigeuza, mbele na nyuma ni mamoja, lakini fansi ukiigeuza imepauka kama mtu aliyetoka hospitali. Hadi hapo tulielewana. Ugomvi ulikuja kwenye wajukuu. Mimi nilitaka namba, kama kiwandani. Tantini alinitazama kwa huruma. Huko Helmond, Uholanzi, kwenye kiwanda cha Vlisco kilichoanzishwa mwaka 1846, wapige namba wanavyotaka. Jina kikwembe kinapewa sokoni, na wanaokipa ni wanawake. Majina mengine yametembea kutoka masoko ya Afrika Magharibi, yamefika kwa Kifaransa, sisi tukayavalisha Kiswahili. Kuna Jicho la mke mwenza. Kuna Mume wangu ana uwezo. Kuna kile cha ndege anayeruka kutoka tunduni, ambacho mwanamke hukivaa mumewe akianza kurudi usiku wa manane: Ukitoka, nami natoka.

Kila jina lilikuwa na rangi nyingi, basi nikafanya kila jina kuwa kundi na kila rangi kuwa bidhaa. (Wanaojua kazi wataniambia rangi ni sifa ya bidhaa, haistahili kufanywa bidhaa. Najua. Sasa najua.) Ukitoka nami natoka alikuwa na rangi kumi na nne.

Niliandika kila kitu kwenye jedwali la Excel ili nikiingize kwa mkupuo. Tantini alifundisha shule ya msingi miaka tisa kabla ya biashara, kwa hiyo alivaa miwani akasahihisha. Akafika kwenye ndege.

“Hapa umesahau mkato.”

“Tantini, mashine haihitaji mkato.”

“Mwanamume anauhitaji. ‘Ukitoka’, unapumua, unamwangalia. Halafu ‘nami natoka’. Ukisema bila kupumua hasikii.”

Nikaweka mkato. Nilikuwa na sababu ya kutoogopa. Kompyuta yangu iko kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mkato ni wa desimali, kwa hiyo Excel ikihifadhi faili ya CSV, yaani jedwali lililogeuzwa maandishi matupu, inatenganisha safu kwa nukta-mkato. Nikaiambia programu hivyo, ikakubali, nikajiona mjanja: mkato sasa ni alama huru, hauna kazi, ukae unapotaka. Nisilolijua ni kwamba ndani ya safu ya makundi mkato una kazi yake nyingine kabisa. Alama ya > inasema huyu ni mtoto wa huyu. Mkato unasema: hapa linaanza kundi jingine, lisilo na mzazi.

Jaribio la kwanza lilinipa aibu ndogo. Vikwembe nilivyovisahau bila kundi vilitupwa kwenye kapu la akiba, nalo kwa Kifaransa linaitwa “Non classé”, yaani visivyopangwa. Tantini akasoma. “Nani amesema vikwembe yangu haina klasi?” Nilieleza dakika kumi. Hakuridhika hadi leo.

Nikavipa makundi, nikaingiza faili upya. Ilikuwa tarehe tisa, saa mbili usiku. Mstari wa kuingiza ulifika mwisho, na papo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani, ni ya kuchomeka tu, basi sikuona kitu. Nikalala. Sikukumbuka kwamba duka lenyewe linakaa kwenye seva ya mbali ambayo haina habari kuwa huku Katuba, komini yetu, kuna giza, na kwamba Tantini, mwenye simu iliyojaa chaji, alikuwa ameshaweka kiungo kwenye status.

Saa tano usiku simu ikalia. Ni Tontoni, mumewe, ambaye anaendesha lori la mgodi Kolwezi na hurudi mwisho wa mwezi.

“Bibi yangu anaenda wapi?”

Kwetu bibi ni mke. Nikajibu kwa usingizi, “Amelala, Tontoni.”

“Amelala wapi?”

“Hapa.”

Akanyamaza kidogo. “Hii ‘nami natoka’, ni weye uliandika ama ni yeye?”

“Yeye alisema niandike. Hata mkato ni wake.”

“Na kumi na ine?”

“Zilikuwa kumi na sita, mbili nilizitoa.”

“Kwa nini haraka hivyo!”

“Picha zilikuwa mbaya.” Nikasikia anavuta pumzi, kisha mayunite yake ya simu yakaisha.

Asubuhi umeme uliporudi nikaona alichokiona. Ukurasa wa duka unaonyesha makundi yasiyo na mzazi, na mbele ya kila jina hesabu ya bidhaa zake. Kulikuwa na Vikwembe (212). Kando yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, bila mzazi, bila picha, kwenye mraba wa kijivu: Nami natoka (14). Ukoo wangu ulikuwa umekatika palepale Tantini alipotaka watu wapumue. “Ukitoka” alibaki ndani ya wax na wenzake, “nami natoka” akawa babu anayejitegemea. Na chini yake, kwa sababu niliagiza ukurasa uonyeshe pia bidhaa mpya, bidhaa ya kwanza kabisa ilikuwa hii: Mume wangu ana uwezo, nyekundu. Rupture de stock, yaani imeisha dukani.

Kabla sijagusa kitu, mlango wa lupango, ua wetu, ukagongwa. Tontoni. Kolwezi ni kama kilomita mia tatu kutoka kwetu. Sijui aliondoka saa ngapi. Ana gunia la makala, yaani makaa, mgongoni na jogoo kwapani. Tantini alikuwa kwenye kinu anatwanga sombe, yaani kisamvu, kanisa lake ni la saa nne. Tontoni akatua gunia, jogoo akambakiza.

“Mama, mbele ya kutoka, unisikilize. Zile dola mia mbili za likelemba, ni miye nilikamata.”

Mchi ukasimama hewani.

Hizo dola mia mbili nazijua. Tantini aliamini zilipotelea kwa mwekahazina wa likelemba, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, na hajamsalimia mama wa watu tangu Pasaka. Nilijaribu kusema, “Tontoni, ngoja nikuonyeshe kitu.” Tontoni akadhani namuunga mkono.

“Na ile pikipiki ya mudogo wangu, haikuwa mukopo. Niliuza friji. Ile niliyosema imekufa.”

Nikamwekea simu machoni. Nikabonyeza Nami natoka (14), wakatokea ndege kumi na nne wa rangi zote, wakiruka kutoka matunduni, pesi moja yadi sita. Alitazama muda mrefu. Jogoo naye akatazama.

“Kumbe haukukuwa unatoka.”

“Sikukuwa natoka,” Tantini akasema, akishusha mchi polepole. “Sasa ndiyo nafikiri.”

Nilikimbilia kompyuta. Dawa yake ni ya dakika mbili: unaweka mkwaju wa nyuma mbele ya mkato kwenye faili, au unauondoa mkato, halafu unafuta lile kundi la bandia, bidhaa zenyewe hazifutiki. Kidole kilikuwa tayari kwenye “Supprimer”, kitufe cha kufuta, Tantini alipoingia, amefunga kikwembe cha ndege, sijui amekifunga saa ngapi.

“Usifute kwanza. Hiyo kumi na ine, unaweza kuibadilisha?”

“Inajihesabu yenyewe, Tantini. Inafuata idadi ya bidhaa.”

Akafikiri. Nje Tontoni alikuwa anatwanga sombe, vibaya.

“Basi rudisha zile mbili za picha mbaya. Sitaki kuwa mukali. Nampa mpaka tarehe kumi na sita.”