Kandake na Kaisari: ni nani hasa aliyeshinda?

Ukiisoma mitandaoni, habari ya Amanirenas, Kandake (yaani malkia) wa Kushi, ufalme uliokuwa kusini mwa Misri katika Sudan ya leo, huwa fupi: mwanamke mwenye jicho moja aliitandika Roma hadi Kaisari Augusto, mtawala wake, akasalimu amri. Ukimsoma Strabo, Mgiriki wa zama hizo hizo ambaye ndiye shahidi wetu mkuu, Warumi ndio walioshinda karibu kila pambano. Kwangu mimi, Kushi ilishindwa vitani ikashinda mezani, na la pili ndilo lililodumu.

Misri iliangukia mikononi mwa Roma mwaka 30 KK, na muda si mrefu liwali wake wa kwanza akaanza kujitangazia mamlaka hadi kusini ya Aswan. Kwa hiyo kuwaita Wakushi waasi ni kukubali dai la Roma kabla halijathibitishwa. Mnamo 25 KK, sehemu ya jeshi la Roma lililokuwa Misri ilipokuwa imepelekwa Arabia, Wakushi waliona mwanya. Wakaiteka Syene, yaani Aswan ya leo, pamoja na Philae na Elephantine, wakabeba mateka na kuziangusha sanamu za Kaisari. Walipoulizwa sababu, walisema watawala wa wilaya wamewadhulumu.

Petronius, liwali wa Misri wakati huo, aliwajibu kwa moto. Kwa mujibu wa Strabo, akiwa na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800, alilitimua jeshi la watu 30,000, akauchoma Napata, mji wa Wakushi, na kumpelekea Kaisari mateka 1,000. Katika ngome ya Primis aliacha askari 400 na chakula cha miaka miwili. Kandake alipoiendea ngome hiyo na maelfu ya watu, Petronius aliwahi kufika kabla yake. Augusto mwenyewe alijigamba katika maandishi yake kwamba jeshi lake lilifika Napata.

Ni ushahidi mzito, ila una mwenyewe. Strabo alikuwa rafiki wa Aelius Gallus, yule yule aliyeongoza msafara wa Arabia, na anatueleza kwamba Wakushi walikuwa na ngao za ngozi mbichi ya ng'ombe na majemadari wabovu. Katika simulizi za mshindi, adui hukosa kila kitu isipokuwa idadi.

Lakini ni Strabo huyo huyo anayetupa sehemu tamu zaidi. Wajumbe wa Kandake walipoambiwa wapeleke hoja zao kwa Kaisari, walisema hawamjui Kaisari ni nani wala anapatikana wapi. Wakapewa wa kuwasindikiza hadi kisiwa cha Samos, na huko walipata kila walichoomba. Hata kodi waliyotozwa ikafutwa. Primis haikubaki mikononi mwa Roma. Mpaka uliwekwa kaskazini zaidi, Hiera Sykaminos, ukadumu karibu miaka 300, hadi Diocletian, Kaisari wa baadaye, alipourudisha nyuma.

Wanaoitetea Roma watasema Augusto hakulazimishwa na mtu. Wana hoja: alikuwa njiani kwenda Syria, Waparthi, mahasimu wa Roma upande wa mashariki, walimshughulisha zaidi, na kushikilia jangwa lile kungegharimu kuliko kodi yake. Ila hesabu hiyo ya gharama haikutoka hewani. Mtu asiyekubali kutulia hata baada ya mji wake kuchomwa ni ghali kumtawala, na hilo Kandake alilionyesha pale Primis.

Kuhusu kichwa cha Augusto kinachotajwa katika simulizi hizo za mitandaoni, kipo kweli, ila ni cha sanamu ya shaba. Mwanaakiolojia John Garstang alikifukua Meroe, mji mkuu wa Kushi, mwaka 1910, kimefukiwa chini ya ngazi za jengo la ibada, mahali ambapo kila aliyeingia alimkanyaga Augusto. Sasa kipo British Museum.

Jina Amanirenas halimo kwa Strabo. Yeye anasema Kandake tu, cheo kile kile cha malkia wa Wakushi katika Matendo ya Mitume 8. Wasomi wengi wanamtambua kuwa ndiye, maana jina lake limo kwenye jiwe lililopatikana Hamadab, jirani na Meroe. Herufi za Kimeroe zinasomeka, lakini lugha yenyewe bado haijaeleweka vya kutosha, kwa hiyo mpaka leo vita hivi tunavisikia kwa mdomo wa upande mmoja.