Honi ya Mzee Imekufa

Kuendesha gari lisilo na honi jijini Kampala ni kama kwenda kudai deni ukiwa bubu. Toyota Corona yangu ya mwaka 1994 ilipoteza sauti msimu wa mvua, na tangu siku hiyo boda boda wakawa wanapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kivuli cha mti. Siku moja nilitoa kichwa dirishani nikamfokea mmoja wao kwa nguvu zangu zote, naye akanipungia mkono akidhani namsalimu. Jambo lililoniuma zaidi, hata hivyo, ni kwamba kila jioni nililazimika kushuka na kugonga geti la nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe.

Fundi wa kwanza, huko Kisekka, soko la vipuri vya magari, hakufungua hata boneti. Alibonyeza usukani mara moja, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mzee, hii imekufa," kisha akataja shilingi 120,000 za honi mpya. Nilimjibu kwamba maiti nitaizika mwenyewe.

Kesho yake, katika ua wa kazini, nilimwomba askari abonyeze usukani huku mimi nimetega sikio kwenye sanduku la fyuzi. Fyuzi ilikuwa nzima, na rilei, yaani swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye honi, ikaalika "tk!" kila alipobonyeza, maana yake swichi ya usukani haikuwa na kosa na ugonjwa ulikuwa huko mbele. Honi yangu ina waya mmoja tu. Njia yake ya kurudisha umeme ni bati na bolti inayoishikilia kwenye bodi. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha ncha hasi ya betri na bati hilo, askari akabonyeza, na honi ikalia kwa ukali ulionifanya nigonge kisogo kwenye boneti. Kumbe bolti ilikuwa imeliwa na kutu! Nilinunua msasa wa shilingi 1,000, nikasugua hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo na kukaza.

Jioni nilifika nyumbani nikapiga honi mara mbili, kwa madaha. Kimya. Nikapiga ya tatu, ndefu, na ndipo nikamsikia mke wangu akiwaambia watoto kutoka ndani, "Muulizeni huyo anamtaka nani, baba yenu huwa anagonga."