Mungu Hajahama, Ni Toni Tu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Najua wengi mmeshaipata hii stori maana tangu jana simu haipoi, mpaka watu niliosoma nao zamani hizo wananitafuta, "mtumishi, eti umetangaza Mungu kahama?" Hajahama. Na mimi sikusema kahama. Ni huyu mtumishi mwenzangu tunayefundisha naye hapa, huyu huyu niliyemkeshea hospitali alipougua dengue, ndiye kaitupa kwenye grupu ikiwa na chumvi ya kutosha mji mzima, kwa hiyo naileta ya kwangu, ambayo nikiisoma tena naona ni mbaya kuliko ya kwake. Basi tu.

Mnaonifuata mnaijua vita yangu na Kithai. Mwaka wa pili huu nipo Chiang Mai, Thailand, nafundisha Kiingereza darasa la kwanza mpaka la tatu, na miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa namalizia sentensi zangu na "kha" kama dada, sababu aliyekuwa ananifundisha lugha ni mama na mimi nilimwiga kila kitu. Hiyo niliwahi kuisimulia mkacheka mkachoka. Wekeni akiba.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya neno la asubuhi paredi. Kawaida naongea Kiingereza, mchungaji wa shule anatafsiri, nikiropoka yeye anapitisha kile nilichotakiwa kusema, maisha yanaendelea. Ila kiburi bana. Nikamwambia mchungaji, baba leo pumzika, nimejiandaa, Kithai mwanzo mwisho. Akaniuliza una uhakika? Nikasema ninao. Akaniuliza tena. Mara mbili jamani, mtu mzima kaniuliza mara mbili na mimi nimekaza shingo.

Nikachagua "Bwana yu karibu". Kwa nini? Fupi. Maneno matatu, nani anaharibu maneno matatu?

Sasa sikilizeni. Karibu kwa Kithai ni klai. Mbali kwa Kithai ni klai. Msicheke kwanza. Lugha ina toni tano, sisi Kiswahili chetu tuna hiyo barabára na barábara tu na hata ukikosea hakuna anayepotea. Wao ukiandika kwa herufi zao unaona tofauti, klai ya karibu ina kialama kimekaa juu kama namba mbili ndogo, klai ya mbali haina kitu kichwani. Ukitamka, karibu sauti inadondoka kama mtu aliyekalia kiti kibovu, mbali inakwenda tambarare moja kwa moja. Mimi kwenye kinotibuku changu nimeandika kwa herufi hizi hizi zetu, k-l-a-i, nikapigia mstari mara mbili chini. Juu, ndipo palipotakiwa kitu, sikuweka hata nukta.

Haya. Saa mbili kamili, wimbo wa taifa umeisha, bendera iko juu, watoto kama 400 wamenyooka kwenye mistari, wale wadogo wangu mbele kabisa. Jua limeshaanza, shati limenata mgongoni. Napokea maiki. Nakunja viganja vizuri kifuani, nainama kidogo, sawatdi khrap, uwanja mzima unaitika. Nikasema moyoni leo ni leo.

Nikavuta pumzi. "Phra Chao yu klai rao."

Ikatoka laini! Laini, tambarare, kama uwanja wa ndege. Mungu yuko mbali nasi.

Kimya. Mwalimu wa darasa la nne aliyekuwa anapanga mstari wake akageuza shingo taratiiibu mpaka macho yakafika kwangu, yakabaki hapo. Mkuu wa shule akatabasamu. Nilishaambiwa siku nyingi kwamba huku tabasamu zina aina, ipo ya furaha, ipo ya pole, ipo ya mungu wangu nifanyeje, mimi ile nikaipokea kama ya baraka. Nikajiambia labda hawajasikia vizuri. Nikasogeza maiki karibu (nyie nanyi, karibu ya kawaida hii), nikaweka mkono juu ya moyo kabisa, nikafumba macho nikairudia polepole kwa hisia. Halafu nikaongeza, na hapa ndipo nilipouzika mwili, "klai mak mak". Mak ni sana.

Yaani mmisionari, mtu aliyeagwa kanisani kwao kwa maombi na kuwekewa mikono, kasimama mbele ya watoto wa watu, mkono moyoni, machozi yanamlengalenga, anawapa habari kwamba Mungu yuko mbali nasi, mbali sana sana. Na anatabasamu.

Kama hiyo haitoshi nikawaambia rudieni.

Watoto wa hapa wana adabu, mwalimu akisema rudieni wanarudia. Wengi wao nyumbani ni Wabuddha, nchi nzima Wakristo ni kama asilimia 1 hivi, kwa hiyo hawana cha kubisha, mgeni ndiye anayemjua Mungu wake, akisema yuko mbali basi yuko mbali. Sauti 400 kwa pamoja. Na wao toni haiwasumbui, walichotamka ni mbali yenyewe, mbali ya mzawa. Tukarudia mara tatu. Ya tatu mimi ndiye niliyekuwa napiga makofi.

Pembeni ya macho namwona mtumishi mwenzangu kashika simu juu, nikadhani ananirekodia kumbukumbu. Kumbe kweli.

Sasa yule wa darasa la kwanza, kajamaa hakana meno mawili ya mbele, kananyoosha mkono. Paredi! Hakuna mtu anayenyoosha mkono paredi. Kanauliza kitu kirefu, mimi nadaka "klai" na "Krung Thep", ndivyo wanavyoita Bangkok. Nikakusanya akili. Nikaona mtoto anataka kujua kama Mungu yuko karibu na watu wa Bangkok pia, jamani, kameguswa na neno kadogo hivi. Nikamjibu kwa sauti kubwa, maikini, "Chai khrap!"

Chai kwa Kithai ni ndiyo. Kwetu mnajua mtu akikwambia hiyo ni chai ana maana gani, na siku ile lugha zote mbili zilikuwa sahihi. Maana mtoto alichouliza ni hivi: mwalimu, ni mbali kuliko Bangkok?

Kutoka hapa Bangkok ni kama kilomita 700.

Naomba tusimame kidogo kwa heshima. Mmisionari Daniel McGilvary na mkewe walifika Chiang Mai mwaka 1867, wametoka huko huko Bangkok kwa mashua, miezi mitatu mtoni. Zaidi ya miaka 150 watumishi wanapokezana hapa kuwaeleza watu kwamba Mungu yu karibu. Mimi nimeirudisha safari nzima kwa sekunde nne na nikawaongezea mbele.

Yaliyobaki sina nguvu nayo. Mchungaji akaja akachukua maiki kwa upole sana, akasema maneno mawili matatu, shule nzima ikaangua kicheko mpaka mistari ikavunjika, na mimi nikacheka nao, kwa sauti, bila kujua nacheka nini. Nilikuja kuambiwa ofisini, mbele ya walimu wote. Mkuu wa shule akanipa maji. Ratiba mpya imebandikwa na pembeni ya jina langu kuna jina la mchungaji, zamu zote mpaka mwisho wa muhula. Na kile kipande cha grupu kwamba mtoto alilia, ndiyo kuna aliyelia, alikanyagwa na mwenzake wakati wa kutawanyika, lisiletwe kwangu hilo.

Leo asubuhi getini kale kajamaa kananisubiri. Kakakunja viganja, kakanisalimu, kakasema, polepole kama anayeongea na mgonjwa, "Khru (yaani mwalimu), klai." Huku mkono wake anaushusha kutoka juu kwenda chini nione sauti inapopita. Nikasema klai. Kakatikisa kichwa. Kakanishika mkono wangu kakaushusha kenyewe, klai. Nikasema klai. Kakatikisa kichwa. Wazazi wanapita na pikipiki wanapunguza mwendo. Nikajaribu mara ya tano, mara ya sita, kajamaa kakaangalia chini kakashusha pumzi.

Kengele ikalia kakakimbia darasani, nikabaki getini mkono umeshuka, Mungu bado kanisubiri mbele ya Bangkok.